Sigara ya Rinat

Siku ya arobaini baada ya mazishi iliangukia Jumanne. Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, foleni ya getini pa Kinu cha Unga Namba Mbili, mjini Sukhoi Yar, ilikuwa na watu kumi na wawili, na wanne kati yao walikuwa marehemu. Mzee Kuzma, mlinzi wa geti, alizikagua pasi zao moja moja. Zilikuwa halali mpaka mwisho wa Desemba, na picha zilifanana na sura, ila sura zilikuwa nyeupe kwa unga.

"Kung'uteni viatu," akawaambia. "Nimetoka kudeki sasa hivi."

Wakakung'uta viatu, wakaingia. Unga mwingi ulibaki kwenye mkeka, na viatuni nako haukupungua.

Faina Arkadyevna Shubina alikuwa wa sita, nyuma ya mumewe Tikhon. Shingo ile aliijua. Koti lilikuwa lilelile la kazi aliloungua nalo, sasa likiwa zima, na kifungo cha pili kimeshonwa kwa uzi wa bluu kwa sababu siku Faina alipokishona uzi mweusi ulikuwa umekwisha. Nyumbani Faina alikuwa ameacha meza ya arobaini imeshaandaliwa: chapati nyembamba za maziwa zimefunikwa kwa sahani, na glasi ya marehemu imewekewa kipande cha mkate juu yake. Wageni wangefika jioni.

"Umekuja," akamwambia mumewe.

"Wiki hii nina zamu ya kwanza," Tikhon akajibu.

Mume akashika njia ya chumba cha kufungashia, mke akapanda ofisini ghorofa ya pili. Akawasha birika la umeme, akalia mpaka maji yakachemka na birika likajizima lenyewe. Kisha akavuta kiti, akaanza kazi.

Kazi yake ilikuwa herufi. Katika nchi yao kila chumba cha kiwanda hupewa herufi ya hatari yake, ikaandikwa kwenye kibao, na kibao kikapigiliwa mlangoni. A ni ya gesi na mafuta yanayolipuka. B ni ya vumbi linalolipuka, na unga wa ngano ni vumbi kama vumbi jingine. V, herufi ya tatu katika alfabeti yao, ni ya chumba kinachoweza kuungua lakini hakiwezi kulipuka. Chini ya hapo zipo G na D, ambazo hazimkoseshi mtu usingizi. Chumba cha B kina madai mengi: kinataka paa jepesi litakaloruka lenyewe kabla kuta hazijawaangukia watu, kinataka taa zilizozibwa na swichi zisizotoa cheche. Chumba cha V kinataka ndoo ya mchanga na kizimamoto. Kwa hiyo wakurugenzi wote wa upande ule wa Altai wanaipenda V kama watu wanavyompenda mgeni asiyelala kwao.

Herufi haipatikani kwa kukisia. Hupigiwa hesabu. Mhandisi huangalia unga kiasi gani unatua sakafuni na juu ya mabomba kati ya ufagizi mmoja na mwingine, halafu hutafuta, unga ule ukitimka na kushika moto, utazisukuma kuta kwa nguvu gani. Nguvu ikizidi paskali elfu tano, chumba ni B. Isipozidi, ni V. Hesabu ya Faina ya chumba cha kufungashia ilitoka elfu nne na mia nane. Ilitoka hivyo kwa sababu daftari la ufagizi lilisema kwamba chumba kinafagiliwa kila zamu inapokwisha.

Daftari hilo alilijaza Tikhon, aliyekuwa msimamizi wa chumba. Alilijaza jikoni kwao, Jumapili moja, mwaka mzima kwa kikao kimoja na kalamu moja. Faina alikaa upande wa pili wa meza akimmiminia chai.

"Tarehe thelathini Februari siandiki," Tikhon alisema siku ile. "Wasije wakaniita mwongo."

Walicheka wote wawili. Ukweli ni kwamba chumba kilifagiliwa pale tu mkaguzi alipopiga simu kusema anakuja, kwa sababu kufagia kulitaka mashine zisimame, na mashine zikisimama magunia yanapungua. Kila kinu alichowahi kukijua Faina kiliendeshwa vivyo hivyo. Hakuna aliyejiona mwovu. Ndivyo watu wanavyouawa na watu wema, na mimi sijui ni adhabu gani inayoitosha hali hiyo.

Tume ya wilaya ilipokuja baada ya mlipuko uliowaua wale wanne iliukuta ukuta mmoja uko chini, na kibao cha V kimebaki mlangoni bila hata mkwaruzo. Wajumbe wakakisoma. Chumba cha V hakilipuki. Wakaandika, kwa hiyo, kwamba hapakuwa na mlipuko bali moto wa ghafla, na moto wa ghafla lazima uwe na mtu aliyeuwasha. Wakamchagua Rinat Galimov, mpakiaji wa magunia, umri miaka ishirini na mitatu, kwa kuwa alikutwa karibu zaidi na mashine. Wakaandika kwamba alikuwa anavuta sigara kazini. Kuhusu Tikhon Shubin waliandika kwamba alikuwa mfanyakazi mwaminifu. Glafira na Zoya, washonaji wa midomo ya magunia, waliandikiwa umri wao tu.

Basi marehemu walirudi kama walivyoandikwa. Tikhon, ambaye maisha yake yote alitembea ameinama kwa maumivu ya kiuno, alirudi na mgongo ulionyooka, kwa sababu neno "mwaminifu" lilimkaa vizuri. Glafira na Zoya walirudi na umri wao, bila jambo lingine lolote, na hawakuwa na la kusema. Rinat alirudi na sigara inayowaka kati ya vidole viwili vya mkono wa kulia.

Hakuweza kuidondosha. Siku ya kwanza aliichomeka kwenye ndoo ya mchanga, akaikandamiza ukutani, akaiweka chini ya bomba la maji. Ilifoka kidogo na kuendelea kuwaka. Haikufupika. Rinat hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake, na moshi ule ulimkoholesha kutwa nzima.

Mkurugenzi Lomtev alishuka kuwaona. Ukuta ulikuwa umejengwa upya kwa wiki tatu, na chumba tayari kilikuwa cheupe kwa unga, juu hadi chini. Lomtev alisimama mlangoni akaiangalia sigara ikiwaka katikati ya vumbi lile.

"Unga ule pale, moto ule pale, na hakuna kinachotokea," akasema. "Hesabu yako ni dhahabu, Faina Arkadyevna."

Mwanasheria wa kinu alitafuta sheria inayowakataza marehemu kufanya kazi, akaikosa. Kwenye karatasi chumba kiliandikwa kuwa hakikaliwi na watu. Magunia yaliongezeka, maana wale wanne hawakula, hawakwenda msalani wala hawakuomba ruhusa ya kwenda kuvuna viazi. Baada ya wiki moja mzee Kuzma aliacha hata kuwakagua pasi. Aliwanyooshea tu kidole kwenye mkeka.

Kila siku saa sita mchana, Faina alikutana na mumewe kwenye ngazi za ghala. Yeye alikula mkate na mayai, Tikhon akakaa kando yake wima kama afisa wa jeshi. Walizungumza kuhusu paa la banda, kuhusu paka, kuhusu jirani aliyekata mti usio wake. Faina alikuwa na furaha, wala sitafuti neno jingine la kuiita. Wanawake wengine wa mji ule walikwenda makaburini kuzungumza na jiwe.

Kwenye ua wa chuma, hatua thelathini kutoka hapo, alisimama Saniya Galimova, ambaye watu wote walimwita Mama Rinat. Alikuja kila mchana na mikate ya pembe tatu ya nyama na viazi, imefungwa kwenye kitambaa cha kichwa ili isipoe. Rinat alimwendea mkono wa kulia ukiwa mgongoni. Hakuweza kula, ila aliipokea mikate kwa mkono wa kushoto na kuishika kifuani mpaka ipoe.

"Mkono umeumia?" mama aliuliza siku ya kwanza.

"Haujaumia, mama."

"Kuna moshi nyuma yako."

"Ni vumbi la unga, mama. Kazi yenyewe si unaijua."

Nyumbani kwa akina Galimov hakuna mtu aliyewahi kuwasha sigara. Marehemu baba alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa mtaa wa reli, na mtoto asingethubutu. Mama Rinat aliutazama moshi ukipanda juu ya bega la mwanawe, akaanza kumweleza habari za ng'ombe. Ndivyo walivyoendelea, yeye na ng'ombe wake, mtoto na mkono wake mgongoni, mpaka mwisho wa Oktoba.

Hapo ndipo Mama Rinat alipopanda ofisini kwa Faina. Alikaa bila kuvua koti.

"Faina, mwenzangu. Wewe umesoma. Waambie wafute ule mstari."

"Si mimi niliyeuandika, Mama Rinat."

"Najua si wewe. Sitaki fidia, sitaki chochote. Mstari mmoja tu. Kutwa nzima anauficha mkono nyuma. Bega limeshaanza kupinda, hujaliona?"

"Nimeliona."

"Nilikwenda wilayani. Wakaniambia, mama, sisi tumefuata hesabu. Nikawauliza, hesabu ya nani? Wakaniambia nirudi nyumbani. Ni hesabu ya nani, Faina?"

"Yangu."

Mama Rinat alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa ameshaikisia. Hakumtukana. Alimwomba maji, akanywa, akaenda zake. Faina angepona zaidi kama angetukanwa.

Ile hesabu ya kweli hakuwa na haja ya kuipiga, kwa sababu alikuwa nayo kichwani tangu siku ya mazishi. Chumba kikifagiliwa mara moja kwa mwezi, jibu linatoka zaidi ya paskali elfu kumi na moja. Chumba ni B, na kilikuwa B siku zote, na unga wa namna ile haungoji sigara ya mtu yeyote. Unatosheka na bearingi ya mashine iliyopata moto au na swichi ya taa. Ili kulisema hilo angelazimika kueleza zile elfu nne na mia nane zilitoka wapi. Angelazimika kulitaja daftari, na jikoni, na mkono ulioshika kalamu. Na kilichoandikwa juu ya marehemu kinamkaa marehemu.

Siku mbili hakula mchana. Siku ya tatu alimwambia mumewe pale ngazini.

"Nikiandika ukweli, na wewe utaandikwa."

"Nitaandikwaje?"

"Kwamba ulighushi daftari."

Tikhon aliitazama mikono yake, iliyokuwa mitupu na safi kuliko alipokuwa hai. "Na wewe je?"

"Na mimi. Lakini mimi niko hai, Tisha. Kwangu itakuwa karatasi tu."

Tisha na Faya yalikuwa majina waliyoitana wakiwa wawili. Ndani ya chumba cha kufungashia alisikika Rinat akikohoa.

"Unajua tangu nirudi kiuno hakijaniuma hata siku moja?" Tikhon akasema. "Nainua gunia kama mto. Miaka thelathini nilikuwa naota jambo hilo."

"Najua."

"Halafu huyo kijana. Hajui hata kuishika, Faya. Anaishika kama penseli. Kutwa ananikoholea sikioni, halafu ananiomba radhi." Akaufuta unga usoni, na uso ukabaki na unga. "Daftari nililijaza mimi. Yeye hata kalamu hakuigusa. Andika."

"Tisha."

"Andika, nimesema. Halafu wakishaniandika, usije hapa kwa wiki nzima. Niache kwanza nizoee."

Faina aliandika kurasa tatu. Aliandika habari za ufagizi, Jumapili ile, kalamu moja, na chai. Aliandika herufi sahihi na hesabu yake yote, mstari kwa mstari, na mwishoni akaandika kwamba Galimov Rinat hakuwa na sigara wala hakuwahi kuwa nayo. Akapeleka kwa Lomtev.

Mkurugenzi alisoma kurasa zote, kisha akavua miwani.

"Mimi na wewe tumekula chumvi pamoja miaka ishirini, Faina Arkadyevna. Unataka sote tumwage unga?"

"Nataka kijana aache kuvuta."

"Yule pale havuti. Ameishika tu."

"Basi aache kuishika."

Lomtev aliutazama ukuta. Alikuwa na binti wa umri wa Rinat, anasoma mjini Barnaul, na watu wanaomwita shetani wanamwonea. Alikuwa tu mtu aliyependa siku ipite salama.

"Nitaipeleka wilayani," akasema. "Lakini usije ukanililia hapa."

Akaipeleka kweli, tena siku ileile, na jambo hilo lazima lisemwe kwa upande wake.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, theluji ikiwa imeshafika magotini. Tume ilimshukuru mhandisi Shubina kwa uaminifu wake na kumpa onyo la maandishi. Ilikubali kwamba daftari la ufagizi lilighushiwa na marehemu Shubin T., na neno "mwaminifu" likaondolewa kwenye taarifa yake. Ilieleza kwamba kughushiwa kwa daftari hakuonyeshi kuwa Galimov hakuvuta sigara. Kuvuta sigara katika chumba ambacho hakikufagiliwa kunalifanya kosa lake kuwa kubwa zaidi. Kuhusu herufi, tume ilizingatia kwamba chumba hakikaliwi na watu, na kwamba kwa zaidi ya miezi miwili moto wa wazi umekuwa ukiwaka ndani yake mfululizo bila madhara. V ilithibitishwa. Ndani ya bahasha kulikuwa na kibao kipya, maana rangi ya kile cha zamani, waliandika, ilikuwa imefifia.

Asubuhi iliyofuata Tikhon alifika getini ameinama kuliko alivyokuwa hai, na mkononi ana ufagio.

"Ufagio wa kiwanda au wa nyumbani?" mzee Kuzma akauliza, kwa sababu vifaa vya nyumbani lazima viandikwe kwenye daftari la geti.

"Sijui," Tikhon akasema. "Nimeamka nao."

Ufagizi wote alioandika bila kuufanya ulikuwa sasa unamngoja, zamu kwa zamu. Alifagia kutoka mlangoni mpaka kwenye mizani, na alipogeuka sakafu ilikuwa nyeupe kama mwanzo, akaanza tena mlangoni. Hakuweza kuuweka ufagio chini, sawasawa na Rinat na sigara yake. Wiki aliyoomba ilipokwisha, Faina alishuka na mkate wake kwenye ngazi za ghala. Tikhon alikuwa anafagia ngazi.

"Inua miguu kidogo, Faya," akasema.

Faina akainua miguu. Ufagio ukapita chini yake na kuendelea. Hawakuzungumza kuhusu paka wala jirani, kwa sababu Tikhon alikuwa anahema, na kila alipotaka kusema jambo alikuwa ameshafika ngazi nyingine. Faina alimtazama mpaka mapumziko yakaisha. Mkate wake aliurudisha ofisini kama alivyokuja nao.

Lomtev alimwita jioni ileile.

"Chumba sasa kinafagiliwa kila zamu," akasema. "Si uongo, nimesimama nimeona kwa macho yangu. Liandike daftarini, halafu unipigie hesabu upya, tuifunge habari hii."

Faina aliandika daftarini, na kwa mara ya kwanza tangu daftari lile linunuliwe, kilichoandikwa ndani yake kilikuwa kweli. Akapiga hesabu mara tatu. Mara zote tatu ilitoka elfu nne na mia nane. Akatia sahihi. Fundi akang'oa kibao cha zamani, akapigilia kipya, chenye herufi ileile, nyeusi na inayong'aa.

Ilibaki kumwambia Mama Rinat. Faina alijikaza, na kesho yake mchana akaenda mpaka kwenye ua na barua mkononi. Mama Rinat aliisoma yote, akiufuata kila mstari kwa kidole, theluji ikidondoka juu ya karatasi. Kisha akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa, akamrudishia.

"Uliandika," akasema.

"Niliandika."

"Na mumeo wamemfanya vile."

"Ndiyo."

Mama Rinat akamshika Faina mkono juu ya glovu, akauachia.

Rinat alikuwa anakuja. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka sana, na alitembea upande kidogo, kama mtu aliyebeba ndoo. Alimsalimia Faina kwa heshima. Mkono ulikuwa mgongoni, na moshi ulikuwa unapanda nyuma ya kofia yake moja kwa moja, maana siku ile hapakuwa na upepo.

"Lete huo mkono mbele," mama yake akasema.

"Hauna kitu, mama."

"Najua hauna kitu, mwanangu. Ulete tu mbele, bega lipumzike."

Rinat alimtazama Faina, kisha akaangalia chini. Mkono ukatoka mgongoni taratibu, kwa maumivu, kwa kuwa ulikuwa umekaa huko tangu siku aliyorudi. Sigara ilikuwa inawaka. Mama Rinat hakugeuza uso. Aliinama kwenye kapu lake, akaisogeza mikate kando, akatoa kisosi cha chai chenye ukingo wa bluu. Alikuwa amekuja nacho kutoka nyumbani. Akakipitisha kati ya vyuma vya ua na kukikinga chini ya vidole vya mwanawe. Majivu hayakudondoka, kwa kuwa sigara ile haikuwa inapungua, lakini alikikinga vivyo hivyo mpaka kengele ya kazi ilipolia.